Alama nane kwenye kombe la kauri la Kichina: ni za Kibuddha? Na umri wake unajulikanaje?

Zidaka_04

Habari za leo wakuu. Naomba msaada wa kutambua vyombo viwili vya kauri vya Kichina vilivyoko Mombasa. Picha zimegoma kupanda, kwa hiyo naeleza kwa maneno na vipimo.

Cha kwanza ni kombe, yaani sahani kubwa yenye kina. Kipenyo sm 24.3, kina sm 4. Ndani, kwenye mteremko wa ukuta, zimezunguka alama nane, kila moja imefungwa utepe na kukalia ua. Zinazotambulika kwa macho ni gurudumu, kome, mwavuli, kitu kama mnara wa kitambaa, ua, mtungi wenye kifuniko, samaki wawili na kitu kama wavu. Katikati kuna herufi ya Kichina ya duara. Ukingoni kuna ule msalaba wenye ncha zilizokunjwa, umerudiwarudiwa kama mkufu. Rangi ni waridi, kijani, njano na buluu, na ukipitisha ukucha unazihisi zimeinuka. Chini kuna muhuri mwekundu wa mraba.

Cha pili ni bakuli la buluu na nyeupe, kipenyo sm 15, zito kuliko linavyoonekana. Nje lina safu nne za herufi moja inayojirudia. Si Kichina, si Kiarabu. Ndani, chini kabisa, kuna pete isiyo na mng'ao, inakwaruza kidole kama kigae.

Maswali yangu: alama hizo ni za dini gani hasa? Ule msalaba una maana gani, maana wapo wanaosema kombe lisitundikwe kwa sababu yake? Umri unajulikanaje bila kupeleka maabara? Na kuna mtu wa London analitaka kombe litumwe kwake, je, inaruhusiwa?

Fundi_Nakshi

Ndugu Zidaka, hizo ni Alama Nane za Heri za Kibuddha. Wachina huziita bajixiang. Asili yake ni India, zikapitia Tibet, na kwenye kauri ya China zilishika enzi za Yuan (1271–1368), watawa wa Tibet walipokuwa na sauti kwenye kasri la Wamongoli. Vyombo vyeupe vya Jingdezhen, mji mkuu wa kauri China, vya karne ya 14 tayari vinazo, ila hazikuchorwa kwa rangi. Zilikandamizwa kwa kalibu kwenye udongo mbichi, kisha zikafunikwa na glezi (ule utando wa kioo), ndiyo maana huonekana vizuri ukikielekeza chombo kwenye mwanga wa ubavuni.

Nazitaja kwa mpangilio wa enzi za Qing (1644–1912): gurudumu, kome, mwavuli, dari ya kitambaa, yungiyungi, mtungi, samaki wawili, fundo. Kwa Kichina lun, luo, san, gai, hua, guan, yu, chang. "Mnara" wako ndio dari, na "wavu" ndio fundo lisilo na mwanzo wala mwisho. Mwavuli na dari huwachanganya wengi. Mwavuli una mpini na kuba moja pana lenye shada pembeni. Dari ni nyembamba, ina tabaka mbili au tatu, imesimama wima kama taa ya kuning'iniza.

Maana zake ziko katika ngazi mbili, na bila ya pili hutaelewa kwa nini alama hizi zilienea hata kwenye vyombo vya mezani. Kwa mtawa, gurudumu ni mafundisho ya Buddha, kome ni sauti inayoyasambaza, yungiyungi ni usafi kwa kuwa huota topeni likatoka bila doa. Kwa mnunuzi wa kawaida wa Kichina, alama zilikuwa mchezo wa sauti za maneno. Samaki ni yu, na ziada pia ni yu. Yungiyungi ni lian, na mfululizo pia ni lian, hivyo yungiyungi na samaki pamoja ni dua ya kubakiza akiba mwaka baada ya mwaka. Mtungi, ukiitwa ping, unalingana na neno la amani. Mtu asiyekanyaga hekalu alizitaka alama hizi kwenye sahani ya arusi kwa sababu hiyo.

Tahadhari ya kwanza: kuna seti ya pili ya alama nane, ya Kitao, inayofanana na hii kwa tepe na kwa idadi. Hizo ni vyombo vya Wasiokufa Wanane: upepeo, upanga, kibuyu chenye kiuno, vibao vya kugonganisha, kikapu cha maua, mwanzi wenye fimbo mbili, filimbi na yungiyungi. Ukiona upanga au filimbi, kazi imekwisha, seti ni ya Kitao. Kibuyu chenye kiuno usikichukulie kuwa mtungi. Yungiyungi lisikuamulie chochote, limo kwenye seti zote mbili. Kuna na kundi la tatu, hazina za msomi: sarafu yenye tundu la mraba, vitabu viwili, pembe mbili za kifaru, jani la pakanga. Hizo si za dini yoyote hasa.

Sasa msalaba wa ncha zilizokunjwa. Kwa Kichina husomwa wan, na usomaji huo uliwekwa kwa amri ya malkia mtawala Wu Zetian mwaka 693. Ni alama ya kifua cha Buddha, na maana yake ya kimaneno ni elfu kumi, yaani idadi isiyohesabika. Ikizunguka ukingo na katikati kukiwa na herufi ya duara (hiyo karibu kwa hakika ni shou, maisha marefu), ujumbe ni "miaka elfu kumi ya uhai". Kwenye kauri huelekea kulia au kushoto bila kubadili maana. Haina uhusiano wowote na Wanazi, walioichukua alama hiyo katika karne ya 20.

Mwana_wa_Vumba

Mkuu Fundi, umesema "mpangilio wa Qing". Ina maana mpangilio pekee unatosha kulitia kombe kwenye Qing?

Fundi_Nakshi

Hautoshi, lakini unapunguza uwanja. Enzi za Yuan mpangilio ulikuwa haujatulia. Vipande vingi vya mwanzo wa Ming (1368–1644), enzi za wafalme Yongle na Xuande, huweka samaki kabla ya mtungi. Baadaye mtungi ukatangulia samaki, ukabaki hivyo Qing yote.

Njia ya haraka ya kupima: usihangaike kujua mchoraji alizunguka kulia au kushoto. Tafuta mwavuli, halafu tazama alama iliyo mkabala nao, ng'ambo ya katikati ya sahani. Wakiwa samaki, ni mpangilio wa Qing. Ukiwa mtungi, ni ule wa mwanzo wa Ming. Inafanya kazi kwa sababu kwenye duara la nane, alama ya tatu hukabiliana na ya saba, na samaki na mtungi ndio waliobadilishana nafasi ya sita na ya saba. Kwenye bakuli lililochorwa nje, tia alama ya mwavuli kwa kipande cha karatasi juu ya mdomo, vuka moja kwa moja, uangalie chini yake.

Ila mwigaji wa leo anaujua mpangilio huu vizuri. Mpangilio sahihi peke yake haukithibitishi chombo. Unaopaswa kukushtua ni ule usiofaa: chombo chenye muhuri wa Xuande halafu alama ziko kwa utaratibu wa Qing, au alama imerudiwa mara mbili na nyingine haipo.

Tanuri_1300

Alama zinakueleza chombo kinasema nini. Umri utaupata kwenye kitako, kwenye rangi na kwenye muhuri. Tafuta lenzi ya sonara ya 10x, taa ya UV ya kukagulia noti, na taulo nene mezani. Vua pete na saa kwanza.

Anza na waridi. Rangi hiyo ya waridi isiyopenya mwanga hupatikana kwa dhahabu iliyosagwa hadi kuwa chembe ndogo mno ndani ya kioo, na Jingdezhen ilianza kuitumia mnamo miaka ya 1720. Kwa hiyo kombe lenye waridi hiyo haliwezi kuwa la Ming, hata muhuri useme nini.

Weka lenzi juu ya mchoro. Kitu kilichochapwa kwa karatasi ya kubandika huonyesha nukta zilizojipanga kama picha ya gazeti, na kingo za utando hufuata umbo la mkasi badala ya umbo la mchoro. Kilichochorwa kwa mkono huonyesha mstari unaoanza mnene na kuishia mwembamba, na rangi iliyojikusanya pale brashi ilipotulia. Angalia hasa fundo. Mchoraji aliyeelewa anachochora hupitisha uzi juu, kisha chini, kisha juu, bila kukosea. Aliyechora vyombo vingi kwa ujira wa siku huweka vimraba tu. Vimraba haimaanishi bandia. Vinamaanisha kombe la biashara, si la kasri.

Kisha lielekeze kombe kwenye dirisha hadi mwanga uteleze juu yake. Pembeni mwa enameli (rangi za kioo zinazochomwa juu ya glezi) za kijani na buluu za zamani, juu ya glezi nyeupe, mara nyingi kuna kivuli chenye rangi za upinde wa mvua kama mafuta juu ya maji. Kinachukua miongo kadhaa kujitokeza. Waghushi hukitengeneza kwa kemikali, lakini chao huenea kila mahali hata pasipo na enameli.

Dhahabu ya ukingoni ichakae pale mkono unaposhika na pale sahani zinapopangwa moja juu ya nyingine. Ikiwa imekwanguliwa sawasawa mduara mzima, mtu aliipitishia msasa laini.

Kitako sasa. Geuza juu ya taulo. Pete ya kitako isiyo na glezi kwenye kazi nzuri za enzi za wafalme wa Qing, Yongzheng na Qianlong, ni laini na ya mviringo, Wachina huifananisha na mgongo wa samaki mdogo wa topeni. Kazi za baadaye mara nyingi ni kali zaidi au zimekatwa bapa. Uchafu wa kweli huingia kwenye vitundu vidogo vya udongo na hautoki kwa kidole kilicholowa. Uchafu wa kupakwa ni wa kahawia uleule kila upande, na hujaa hata ndani ya pete ambako hakuna kilichogusana na meza.

Muhuri nao usomwe kwa namna ulivyowekwa kabla ya kusoma umeandikwa nini. Muhuri wa Qianlong (1736–1795) ndio ulioigwa kuliko yote. Kwenye vyombo vingi vya biashara vya 1912–1949 ulipigwa kwa mhuri wa mpira au wa mawe, si kwa brashi. Alama yake: wino mzito kona moja, umefifia nyingine, na hakuna mkia wa brashi popote. Halafu kuna neno CHINA kwa herufi za Kilatini. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka, hivyo neno hilo kwa kawaida ni dalili ya 1891 na kuendelea. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi lolote kwa vyombo vya pwani yetu, kwani havikupitia forodha ya Marekani.

Mwisho, taa ya UV gizani. Glezi na enameli za tanurini hubaki zambarau hafifu. Rangi ya mkarabati hung'aa kama maziwa au manjano. Pitisha polepole ukingoni, ndipo sahani huvunjika kwanza. Usipime kwa asetoni kama wanavyoelekeza baadhi ya watu: itaondoa rangi ya ukarabati na kukuachia pengo usiloweza kuliziba.

Lete majibu ya mwavuli, lenzi, dhahabu, kitako, muhuri na UV.

Buluu_na_Nyeupe

Nachukua bakuli, maana ndilo linalonivutia zaidi.

Herufi hizo ni Lantsa, mwandiko wa Nepal na Tibet wa kuandikia Kisanskriti. Kwa Ubuddha wa Tibet, silabi takatifu yenyewe ni mwili wa Buddha, kwa hiyo kuiandika kwenye chombo ni sawa na kuchora sanamu yake. China waliichukulia kwa uzito. Kwenye Makumbusho ya Kasri, Beijing, kuna mtungi wa buluu na nyeupe wa Xuande (1426–1435) uliozungushiwa Lantsa, kila herufi imechorwa kwa uangalifu na inasomeka. Enzi za Chenghua na Wanli viliendelea kutengenezwa.

Lako ni tawi la mbali la mti huohuo. Karne ya 18 na ya 19 matanuri ya Dehua na jirani zake, mkoani Fujian, yalitoa mabakuli yenye safu za silabi moja iliyorudiwa bila kukoma. Mchoraji hakujua kuisoma. Ilinakiliwa kutoka kwa nakala ya nakala, mpaka mistari ikapoteza viungo vyake na mtaalamu wa Kisanskriti leo hatapata neno. Jaribu hivi: chagua herufi tatu kwenye safu moja, uzilinganishe mpindo kwa mpindo. Kwenye kazi ya kasri ni silabi tofauti tofauti zinazounda dua. Kwenye kazi ya Fujian ni umbo moja, na kila mara limepotoka kidogo.

Pete inayokwaruza ndani ni ushahidi mzuri sana. Matanuri ya biashara yalipanga mabakuli moja ndani ya jingine ili kujaza tanuri. Glezi ikiyeyuka ingeyagundisha, basi fundi aliikwangua kwa umbo la pete pale kitako cha bakuli la juu kitakapokaa. Jingdezhen kwa kazi nzuri ilitumia makasha ya udongo, kila chombo na kasha lake, na pete hiyo haikuhitajika. Pima kipenyo cha kitako cha bakuli lako na kipenyo cha pete: vitakaribiana, kwa kuwa lililokaa juu yake lilikuwa mwenzake wa saizi ileile.

Kipimo cha tarehe tunacho. Jahazi la Kichina Tek Sing lilizama Februari 1822 likielekea Java. Mwaka 1999 shehena yake ikaopolewa, na mwaka uliofuata zaidi ya vipande 300,000 viliuzwa kwa mnada Stuttgart. Mabakuli ya Dehua yalijaa humo, na ya mtindo wa Lantsa yalikuwemo. Kwa hiyo mtindo huu ulikuwa sokoni mwanzoni mwa karne ya 19, bila kubahatisha.

Zidaka_04

Shukrani sana wakuu. Majibu haya:

Mkabala wa mwavuli ni samaki. Lenzi haionyeshi nukta. Mistari ni ya rangi ya waridi-kahawia, inaanza minene na kuishia myembamba. Fundo ni vimraba tu. Kivuli cha upinde wa mvua kipo kidogo kuzunguka kijani. Dhahabu imechakaa upande mmoja zaidi. Kitako cheupe, kimekatwa karibu bapa, uchafu hautoki. Muhuri una wino mzito kona ya juu kulia, kona ya chini kushoto umepauka. Hakuna neno CHINA. UV: ukingoni kuna sehemu ya urefu wa sm 2 inayong'aa kimaziwa.

Bakuli: kitako sm 7.6, pete ya ndani sm 7.8. Herufi zinafanana ila hakuna mbili zilizo sawa kabisa. Ukingo wa kitako una chembe za mchanga.

Tanuri_1300

Bakuli sina la kuongeza, Buluu ameshalimaliza: Fujian, mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya 19.

Kombe: limechorwa kwa mkono Jingdezhen, muhuri uliopigwa (yaelekea ni wa Qianlong), alama zimerahisishwa, kitako bapa. Si la karne ya 18. Ninaliweka 1912–1949, na zaidi nusu ya kwanza ya kipindi hicho. Linaweza kusogezwa hadi miaka ya mwisho ya Guangxu (1875–1908), lakini muhuri uliopigwa unanivuta mbele. Ni kombe halali la wakati wake. Mwenzio wa London akilipa bei ya Qianlong atakuwa amedanganywa, hata kama hukukusudia, kwa hiyo mwambie mapema kuhusu muhuri, na umwambie pia kuhusu ukarabati wa ukingoni.

Ili upate picha ya tofauti: mabakuli ya kasri ya enzi za mfalme Daoguang wa Qing yenye alama hizihizi nane yana utepe uliopinda na kurudi nyuma ya alama kama kitambaa halisi, kwa kivuli cha toni mbili. Tepe za kombe la biashara ni mistari miwili iliyojazwa rangi moja.

Mwana_wa_Vumba

Na vile vigae vya buluu vyenye vyumba vyumba kuzunguka ukingo, vinavyookotwa kwenye magofu ya pwani? Navyo wanasema ni vya Kibuddha.

Buluu_na_Nyeupe

Hivyo ni kraak, vya enzi za Wanli (1573–1620) na miaka michache baadaye, vilivyopewa jina hilo kutokana na merikebu za Kireno. Vyumba vyake hubadilishana: kimoja ua au tunda la pichi, kinachofuata alama yenye tepe. Kwenye vyumba hivyo mchoraji alichanganya makundi yote matatu aliyoyaeleza Fundi. Utakuta jani la pakanga, kibuyu, hati iliyokunjwa, na mara nyingine alama ya Kibuddha. Usiite sahani nzima ya Kibuddha kwa chumba kimoja. Geuza kigae: kama kitako kina mistari myembamba inayotoka katikati kama spoku za baiskeli, na mchanga umeganda ukingoni, ni kraak ya kweli. Mistari hiyo ni mikwaruzo ya kisu cha fundi akichonga kitako kwenye gurudumu la mfinyanzi.

Na magofuni kigae kiache palepale kilipo. Kikiokotwa, mchimbaji wa kesho hatajua tabaka lake, na tabaka ndilo lililotupa tarehe za Gedi na Kilwa.

Kwa wanaohofia dini: wenyeji wa pwani, Waislamu, walipachika mabakuli ya Kichina kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi na kwenye mihirabu ya msikiti mkuu wa Gedi. Na Jingdezhen ileile iliyochora yungiyungi la Buddha ilichora maandishi ya Kiarabu kwenye vyombo vya enzi za Zhengde (1506–1521).

Bi_Hifadhi

Nijibu la London, kisha matunzo.

Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inaita mambo ya kale kitu chochote kinachohamishika, kisichokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Kukitoa nje kunahitaji kibali. Sasa tazama tarehe za Tanuri: kombe la baada ya 1912 liko nje ya mstari huo, lakini la Guangxu, likiwa la kabla ya 1895, linaweza kuwa ndani. Bakuli la Fujian, kama liliingia pwani wakati wake, liko ndani kabisa. Anayeamua si sisi wa jukwaani. Peleka vyote viwili Fort Jesus, pamoja na vipimo ulivyotuandikia, upate jibu kwa maandishi kabla ya kufunga mzigo. Kwa walio Tanzania Bara, mstari wa sheria ya 1964 ni kabla ya 1863, na ofisi ni Idara ya Mambo ya Kale. Zanzibar ina sheria na ofisi yake.

Matunzo. Kombe lioshwe kwa maji vuguvugu ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa taulo, matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo kali, pamba kwenye kijiti. Usilowanishe pale penye ukarabati: gundi ya zamani hulegea na rangi hubabuka. Usitie jiki. Chumvi yake huingia kwenye ufa, hukauka na kuvimba, na glezi hubanduka vipandevipande miezi baadaye. Limau, siki na ukwaju ni adui wa enameli za rangi, kwa kuwa enameli hizo zina madini ya risasi ndani yake na asidi huyayeyusha. Kwanza hupauka mng'ao wa kijani. Kwa sababu hiyohiyo kombe hilo lisipakuliwe achari wala mchuzi wowote, hata siku ya Idi.

Dhahabu usiisugue kabisa. Ipulizie vumbi tu.

Wenye vyombo vilivyoshonwa kwa pini za shaba, msizing'oe. Pini ni sehemu ya historia ya chombo, na tundu lililoachwa wazi huanzisha ufa mpya.

Kutundika: waya wenye springi unaouzwa madukani huuma ukingo pale hasa kombe lako lilipokarabatiwa. Ukilazimika, vika ndoano mipira myembamba, chagua saizi ambayo springi haivutiki zaidi ya nusu ya uwezo wake, na uzungushe kombe ili ndoano zote nne ziwe mbali na ile sm 2. Bora zaidi ni kidakani, juu ya kishikio cha mbao chenye mdomo wa kulizuia lisiteleze.

Zidaka_04

Bi Hifadhi, bakuli je? Nalo linaweza kuoshwa vilevile?

Bi_Hifadhi

Buluu yake iko chini ya glezi, kwa hiyo haiwezi kutoka. Tatizo ni ile pete ya ndani isiyo na glezi. Hunywa maji na mafuta kama kigae cha mtungi. Osha haraka, usiliache likilowa, kisha ligeuze mdomo chini juu ya taulo kavu kwa siku mbili kabla ya kulirudisha kidakani. Kama pete ina doa la mafuta la zamani, liache. Ukilichokoa utatoa udongo pamoja nalo, na alama za kisu cha aliyeikwangua zitapotea.